Yale madoido ya karata vijana wanayofanya barazani, yanafanyika vipi hasa?

Kuna klipu moja imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lamu, kijana amekaa kwenye ngazi za ngome pale mkunguni, ana pakiti ya karata mkononi, mara ile pakiti inafunguka mafungu matano, yanasimama hewani yamepandana kama ngazi, moja linazunguka, jingine linapita katikati, alafu yote yanajifunga na pakiti inarudi kuwa moja kama hakuna kilichotokea. Sekunde kumi hivi. Basi tangu hapo kila baraza nikipita nasikia hukumu yake. Ami yangu alisema hiyo ni kamari, waambiwe wazazi wake. Mama mmoja jirani yetu akasema huyo mtoto kuna kitu kinamsaidia, ile si mikono ya mtu. Na vijana wenzake wanasema jamaa ana kipaji, kazaliwa nacho, wewe usijisumbue. Watu watatu, maelezo matatu, na yote matatu hayako sawa, ndio nikaona nikae niandike, manake mimi mwenyewe nimeufanya ufundi huu miaka kadhaa na nimewafundisha watoto wawili wa nyumbani, mmoja ana miaka 12, na inaniuma kuona kazi ya mikono ya mtu inaitwa uhuni.

Tuanze na maneno, sababu nusu ya mkorogo huu umetokana na maneno. Pakiti ni karata zote 52, ukitia na zile jokari mbili zinakuwa 54. Fungu ni sehemu ya pakiti, karata kadhaa zilizoshikana pamoja. Fikiria samaki pale sokoni wanavyopangwa mafungu, wewe huulizi ndani kuna wangapi, unanunua fungu. Mfanya madoido naye hahesabu karata moja moja, yeye macho yake yanaona mafungu tu. Kukata ni kuitenga pakiti sehemu mbili ama zaidi alafu kuzirudisha kwa mpangilio mwingine. Kuchanga ni kuzichanganya karata zenyewe ziingiliane. Na madoido ni ile namna ya kupamba, kwamba pakiti ungeweza kuikata kwa nusu sekunde na kazi ikaisha, lakini unaikata kwa njia ambayo jicho likiona linatulia kutazama. Kofia nayo ni hivyo hivyo, kitambaa kitupu kingefunika kichwa vizuri tu, lakini mtu anakaa miezi na sindano anaitoboa na kuizungushia uzi mpaka inakuwa kofia ya kuvaa Idi. Huko nje siku hizi fani hii inaitwa kadistri, jina lililounganishwa kutoka neno la Kiingereza la karata na neno la Kiingereza la usanii.

Sasa kabla hujasema haya ni mambo mapya ya TikTok, karata zenyewe hapa pwani si mgeni hata kidogo. Sikiliza majina yake. Karata linatoka kwa Wareno, carta. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, magongo. Hata turufu ni neno lao, trunfo. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498 na Wareno wakatolewa Fort Jesus mwaka 1698, hapo katikati ni miaka 200, na mizinga yao ilinyamaza lakini maneno ya karata yakabaki kwenye ndimi zetu mpaka leo, bibi yangu alikuwa akisema kopa na shupaza bila kujua hata siku moja kwamba anasema Kireno. Kwa hiyo karata ni za zamani. Kipya ni haya madoido ya mafungu mengi, na hayo yana historia yake fupi ambayo nitaifikia.

Kuhusu kamari

Kamari ni kuweka kitu, pesa ama mali, juu ya jambo ambalo hujui litaangukia wapi, mmoja apate na mwingine akose. Yaani kuna dau, kuna bahati, kuna anayepata na anayekula hasara. Tazama tena ile klipu. Dau liko wapi? Mpinzani ni nani? Yule kijana hata karata zenyewe hazitazami ni zipi, angepewa pakiti isiyo na picha wala namba angefanya vile vile, na wako watu wanatengeneza pakiti za namna hiyo kabisa, zina rangi na michoro tu, huwezi kuchezea mchezo wowote. Na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii, mtu anayeiba kwenye karata hataki kabisa ujue mikono yake inajua kitu, atashika pakiti kama mtu asiyejua hata kuchanga. Anayezizungusha hadharani mchana kweupe mbele ya ngome, huyo hana anachoficha.

La dini silijibu mimi, mwenye swali amwendee sheikh wake. Ila ninachoomba ni swali liulizwe kama kitu kilivyo. Usimwambie sheikh "kijana anacheza karata" ukategemea jibu la haki, mwambie anazungusha vipande vya karatasi vidoleni, hakuna dau, hakuna mchezo, hakuna mpinzani, je hukmu yake ni nini? Na wazee wanaposema vitu hivi vinakula muda mpaka mtu anapitwa na swala, hapo wana haki, hilo nimeliona kwa macho yangu, kijana adhana imelia na bado anasema "ngoja hii moja tu nimalize". Hilo ni la kukanywa, na linakanywa hivyo hivyo kwa mpira na kwa simu.

Na mazingaombwe je

Mazingaombwe ni kuficha. Mwenyewe anakuonyesha mkono huu ili usiutazame ule, na kazi yake yote inavunjika siku ukijua amefanyaje. Madoido yako kinyume, hakuna kinachofichwa, kila kidole unakiona, ukitaka tazama kwa mwendo wa polepole mara mia na bado inapendeza, pengine inapendeza zaidi ukishajua ugumu wake. Lakini siwalaumu wanaochanganya, manake fani hizi ni ndugu wa nyumba moja. Mkato maarufu kuliko yote wa mafungu mengi unaitwa Sybil, unafungua mafungu matano, na aliyeutoa kwenye kitabu mwaka 1992 ni Chris Kenner, Mmarekani wa mazingaombwe ambaye amefanya kazi miaka mingi na David Copperfield, bingwa wa mazingaombwe wa Marekani. Watu wa mazingaombwe walikuwa na mapambo ya mikono ya kufungulia tu, vionjo kabla ya mchezo wenyewe. Baadae wakatokea watu wakasema kionjo ndio chakula chenyewe, sisi hatutaki kumdanganya mtu, tunataka kuonyesha. Mapacha wawili wa Marekani, Dan na Dave Buck, walisukuma sana jambo hili, mwaka 2007 walitoa DVD tatu na vijana wengi duniani walijifunzia humo, alafu intaneti ikachukua. Kukawa hata na mkutano wa kimataifa wa watu wa madoido peke yao, mwaka 2016 ulikuwa Berlin na 2018 Hong Kong. Hakuna jini kwenye safari hiyo yote, kuna vijana wamekaa vyumbani wanaangusha karata na kuziokota.

Siri yenyewe ni boriti

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Watu wakitazama wanaona haraka. Wanadhani jamaa ana mikono ya haraka na sisi mikono yetu ni mizito. Nataka uisahau haraka kabisa na ujiulize swali moja tu, hili fungu hivi sasa limeshikwa na nani?

Umeona boriti zinavyoshushwa mashuani? Boriti moja watu wawili, mmoja kule mmoja huku. Akiachia mmoja inaanguka, hata yule mwingine awe na nguvu za punda. Fungu la karata nalo ni boriti. Likiwa hewani lazima lina wachukuzi wawili, vidole viwili vinavyolibana kutoka pande mbili, ama kidole na kiganja, ama kidole gumba na pale kwenye panda kati yake na kidole cha shahada. Muda wowote ule ukiisimamisha vidio, kila fungu utaliona na wachukuzi wake wawili. Kila fungu, hakuna linaloelea.

Sasa piga hesabu. Vidole ni kumi, mafungu ni matano, wachukuzi wawili wawili, ni kama kila kidole kimeajiriwa. Kwa kweli haiendi sawa hivyo, manake kidole kimoja mara nyingi kinafanya kazi mbili, upande wa juu kimebana fungu hili na upande wa chini kimeegemea lile, na hapo ndipo panapoleta lile umbo la mafungu kupandana kama ngazi, mafungu mawili yanashirikiana kidole kimoja na hicho kidole kinakuwa bawaba, yanafunguka kama mbawa mbili za mlango. Ukishaliona hilo la bawaba huwezi kuacha kuliona. Fungu linalozunguka, linazunguka kwa kuegemea kidole kimoja kilichotulia tuli, na jicho la mtazamaji linakimbilia kile kinachosogea, halioni kile kilichotulia, wakati kazi yote iko kwa kilichotulia.

Kwa hiyo madoido ya mafungu mengi si kitendo kimoja cha haraka. Ni mfululizo wa vituo. Kila kituo ni picha, mafungu haya yako hapa, yameshikwa na hawa. Kati ya kituo na kituo kidole kimoja ama viwili vinabadilishana mzigo. Mtu anayesuka ukili anajua ninachosema, mkononi ana miyaa mingi inaning'inia, wewe mgeni unaona vurugu tu, yeye anajua ni upi uko juu sasa hivi na upi unafuata kupita chini, hana haraka yoyote na mkono unakwenda kama maji. Ukimuuliza katikati atakusimamishia pale pale akuonyeshe. Huo ndio mtihani ninaowapa watoto nyumbani, nasema "simama!" katikati ya mkato na mtoto lazima asimame bila karata kuanguka na aniambie kila fungu limeshikwa na nani, akishindwa basi bado hajaujua, hata kama anaufanya kwa haraka na unapita.

Unaanzia wapi

Usianze na mafungu matano. Najua ndiyo unayoyataka, lakini anza na mawili, mkono mmoja.

Mkato wa kwanza wanauita Charlier, jina la jamaa wa karne ya 19 aliyekuwa akionyesha ufundi wa karata London. Shika pakiti kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, uso wa karata ukitazama chini. Kidole gumba upande mrefu mmoja, cha kati na cha pete upande mrefu wa pili, kile cha mwisho kinazuia ncha ya nyuma ili zisiteleze zikakuangukia, na cha shahada kiko huru chini ya pakiti. Kati ya karata na kiganja kuwe na nafasi, hilo ni muhimu, wengi wanakumbatia pakiti kama mkate na nafasi ya kufanyia kazi inakosekana. Sasa legeza gumba kidogo, nusu ya chini inaanguka kiganjani. Kidole cha shahada kinaisukuma ile nusu ya chini kutoka chini yake, inasimama kuelekea gumba kama mlango wa sanduku unavyofunguka. Inapanda mpaka inalipita lile fungu la juu, na hapo fungu la juu linaangukia kiganjani lenyewe, kisha unalegeza vidole taratibu na lile lililosimama linalala juu yake. Umekata. Mafungu mawili, bawaba moja. Mara ya kwanza zitamwagika. Kaa kitandani ama juu ya mkeka, zikianguka ziangukie pahali laini na usichoke kuokota.

Mkato wa pili ni wa kuzungusha. Mkono wa kulia unaishika pakiti kutoka juu, gumba ncha fupi ya karibu na wewe, kidole cha kati ncha fupi ya mbele, na cha shahada kiko kwenye kona ya mbele upande wa kushoto. Hicho cha shahada kinainua kona ya nusu ya juu na kuivuta kushoto, fungu linazunguka limeegemea gumba, hilo gumba ndilo bawaba, na linakwenda kutua kwenye panda ya gumba la mkono wa kushoto ambao unalisubiri pale. Kosa la kawaida ni kulirusha. Halirushwi, linapelekwa, kama unavyompa mtu kikombe cha kahawa, wewe huachii mpaka ujue yeye ameshika.

Ukishaupata huo, mafungu matatu yako mlangoni. Fanya hivi, zungusha theluthi ya juu itue panda ya kushoto. Mkono wa kulia bado una theluthi mbili. Usifunge. Lete mkono wa kulia karibu, nyoosha vidole vya kushoto vilivyo huru, vipite chini ya zile theluthi mbili, na vibane fungu la chini kabisa pembeni mwake, alafu tenganisha mikono kidogo kidogo. Tazama ulichonacho, fungu moja kwenye panda ya gumba la kushoto, moja kwenye ncha za vidole vya kushoto, na la katikati limebaki mkono wa kulia. Matatu yamesimama hewani. Hicho ni kituo, kaa nacho. Geuza mikono ukitazame kila upande, hesabu wachukuzi. Mikato mikubwa ikiwemo Sybil inaendelea kutoka mahali kama hapa, mafungu yanagawanywa tena na tena, kila mgao ni mdogo na kila mgao una kituo chake. Pakiti nzima ina unene wa kama sentimita moja na nusu, ukiigawa mara tano kila fungu ni milimita tatu tu, karata kumi hivi, ndio maana unaanza na mafungu manene ambayo vidole vinayahisi.

Ukijifunza kwa vidio angalia kitu kimoja kinachowapoteza watu wengi mno. Kama jamaa amekaa kukutazama wewe, mkono wake wa kulia uko kushoto kwako, na ukifuata unachoona unajifunza kinyume bila kujua, alafu unafika hatua ya tano vidole vinagongana na unadhani wewe ndio mjinga. Tafuta vidio iliyopigwa kutoka juu ya bega lake, unaona vile vile anavyoona yeye. Na usisahau kwamba ile unayoiona ni mara moja iliyofaulu, kabla yake zimeanguka mara thelathini na hizo hakuna anayezitia mtandaoni.

Muda? Mimi siamini habari ya kukaa saa nne mfululizo. Robo saa asubuhi, robo saa usiku, kila siku. Vidole vinachoka na vikichoka vinajifunza makosa. Mara nyingi utalala jambo halikai, kesho ukishika pakiti unakuta limekaa lenyewe. Mtoto wetu wa miaka 12 mkato wa mkono mmoja ulimchukua siku tisa, na mafungu matatu kama mwezi na kidogo, na hakuwa na haraka yoyote wala sikumhimiza.

Niseme na haya

Watu wengi huniambia mikono yao ni midogo. Karata ziko saizi mbili za kawaida, upana wa milimita 63 na upana wa milimita 57, urefu ni ule ule 88. Mtoto ama mtu mwenye vidole vifupi achukue zile nyembamba, basi. Na vidole virefu navyo si baraka tupu, vinajikunja vibaya kwenye mafungu membamba. Nimeona wanawake wanaoshona, vidole vyao vimezoea kazi ndogo ndogo, wanashika haraka kuliko vijana wenye mikono mikubwa, na ningependa sana tuwaone wasichana wengi zaidi wakijaribu, hata kama ni ndani ya nyumba.

Jingine, watu wanadhani madoido yanachanganya karata. Hayachanganyi. Jaribu mwenyewe, panga kopa zote 13 ziwe juu ya pakiti, alafu fanya ule mkato wa mkono mmoja mara kumi. Zitazame. Utazikuta bado zimefuatana, pengine nyingine zimeangukia chini kabisa na nyingine juu kabisa, lakini ukikata mahali sawa zinaungana tena. Ukifungua mafungu matano na kuyafunga kwa mpangilio mwingine, ndani ya kila fungu hakuna kilichosogea. Kuchanga ni kitu kingine kabisa, na mwaka ule ule wa 1992 wanahisabati wawili, Dave Bayer na Persi Diaconis, walionyesha kwamba pakiti ya karata 52 inataka kuchangwa kama mara 7, kwa ule mtindo wa kuingiliza nusu mbili, ndipo ichanganyike vya kutosha. Kwa hiyo ami yangu akiniambia huyu kijana anachanga ili aibe, namwambia ami, hajachanga hata karata moja.

Na sasa karata zenyewe, hapa nitakaa kidogo sababu ndipo pwani inapotuonea. Zile za plastiki za bei rahisi hazili maji, hilo ni jema, lakini zinateleza mno na zina spring'i, fungu halikai pamoja, ukilibana linafunguka kama feni. Karata nzuri za madoido ni za karatasi, tabaka mbili zimegundishwa kwa gundi nyeusi ndani ili mwanga usipite, na juu zimepakwa na kupigwa vidoti vidogo mno ambavyo vinashika hewa, hiyo hewa ndiyo inayozifanya zitelezeane sawasawa, si sana si kidogo. Bicycle za Marekani, zinazotengenezwa tangu 1885, ndizo watu wengi wameanzia. Shida ni kwamba karatasi inakunywa unyevu, na hapa unyevu tunao mwaka mzima pamoja na chumvi ya baharini. Pakiti ukiiacha wazi dirishani usiku mmoja, asubuhi karata zimevimba, zimejikunja, zinashikana mbili mbili, na unajilaumu mikono kumbe ni hewa. Irudishe kwenye boksi lake kila ukimaliza, boksi ulitie ndani ya kopo lenye mfuniko, na vile vipakiti vidogo vyeupe vinavyokuja kwenye viatu vipya usivitupe, tia kimoja humo. Mikono ioshwe na ikaushwe. Ukitoka kula viazi karai usiguse karata, na mabuyu ndio usiseme, rangi yake ikiingia kwenye karata haitoki na pakiti imekwenda.

Wakati wa kusi ufukweni pale usifanye, upepo ukilipata fungu moja kutoka pembeni linapaa, na karata ikiingia baharini pakiti ina 51 na uzito wa mkono unabadilika, utauhisi. Ingia uchochoroni, kaa baraza iliyojikinga na ukuta, mgongo kwa upepo. Na kabla hujaondoka hesabu mpaka 52, moja itakuwa imeteleza chini ya baraza ama punda amepita nayo kwatoni.